Jinsi ya kuandaa Jumapili za sinema nyumbani, kuanzia enzi za bibi mpaka enzi za flashi

Mwanangu ana miaka kumi na mbili, siku moja akamuuliza bibi yangu, yaani mama yake mama, kama zamani kulikuwa na muvi. Bibi akamwambia Awaara, picha ya Kihindi, ameiona mara saba na mara zote saba alitoka analia. Mtoto akang'ang'ania na yeye aione, basi nikaiweka kwenye laptop, Jumanne usiku, watu wametoka kula. Dakika ishirini hazijafika mtoto kashanyanyuka na bibi mwenyewe kasinzia kwenye kochi.

Niliumia kwa kweli, nikajiuliza imekuwaje picha aliyoililia mara saba leo inampa usingizi. Kesho yake nikamuuliza, akanijibu kwa upole, "Baba, ile siku wala haikuwa Jumapili." Hapo ndo nikaelewa. Watu wa kila enzi walipenda aina yao ya picha kwa sababu ya siku waliyoiangalia, mahali walipokaa na watu waliokuwa nao, sasa ukichukua picha peke yake ukaacha hivyo vingine umechukua ganda. Tukaanza upya, Jumapili sita mfululizo, kila Jumapili enzi yake, na safari hii watoto hawakuondoka. Naeleza tulivyofanya ili na wewe ukitaka ufanye kwenu.

Anza na wazee, orodha itakuja yenyewe

Usifungue intaneti kwanza. Kaa na wazee wako mmoja mmoja uwaulize, ila usiulize "ulikuwa unapenda picha gani" maana atakutajia mbili tu kisha anyamaze. Muulize alikuwa anaenda na nani. Alivaa nini. Pesa ya tiketi aliitoa wapi, ukumbi gani, walirudi kwa miguu au kwa gari, na wakifika nyumbani nani alikuwa anawasubiri asimuliwe. Ukiuliza hivyo picha zenyewe zitajitaja zenyewe katikati ya maneno.

Bibi yangu ni wa Unguja, alinitajia Majestic, Empire na Sultana kama mtu anavyotaja nyumba za ndugu zake. Hiyo Majestic ilianza kama Royal mwaka 1921, ikaungua 1954, ikajengwa upya mwaka uliofuata, na bibi anaukumbuka ukumbi mpya kwa sababu ndo alikuwa anaanza kuruhusiwa kutoka na dada zake. Anasema Jumapili ikiwa na picha ya Kihindi tiketi zinaisha mapema, walanguzi wanasimama nje wanauza kwa bei ya kuruka, na kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao ambayo mama zao waliyapenda sana. Kingine alichonisimulia ni hiki, mkanda mmoja wa picha ulikuwa unagawana kumbi mbili, huku wakimaliza reli ya kwanza, yaani kipande cha kwanza cha mkanda, kijana anaipakia kwenye baiskeli anaikimbiza kule, sasa akichelewa njiani ukumbi mzima unapiga miluzi.

Mama yeye amekulia Kariakoo, kwake ni Avalon, Empress, Odeon, Cameo, na zaidi ya zote Drive-In ya Msasani iliyofunguliwa mwaka 1966. Mimi nina Temeke na vibanda vya video. Unaona, kila mtu na ukumbi wake, na hapo tayari una ratiba.

Jumapili ya kwanza: Kihindi, na nguo nzuri

Hii ifanye saa kumi jioni na uwaambie watu wavae. Nasema kweli wavae, watoto wachane nywele, bibi atoe kanga yake ya heshima. Sisi tulikata vikaratasi vya tiketi vyenye namba za viti, mjomba akasimama mlangoni anachana. Watoto waliipenda hiyo kuliko kitu chochote na iliwafanya wakae kama wageni, sio kama watu waliojilaza sebuleni kwao.

Awaara ni ya mwaka 1951, Raj Kapoor na Nargis, inapita saa tatu, kwahiyo intavali ni lazima. Bibi aliniambia ile Jumanne kilichomchosha mapema ni kujua hakutakuwa na intavali, mtu anakaa saa tatu bila kunyoosha miguu wala kununua karanga. Tafuta mahali wimbo unapoishia karibu na katikati, simamisha, washa taa, toa kashata, ubuyu, karanga na juisi ya ukwaju, robo saa nzima. Hapo kwenye intavali ndo watu wanapobishana, usiifupishe.

Kuhusu lugha, maandishi ya chini ya Kiingereza yaache kama watoto wanayaweza lakini usiyategemee. Watu wengi waliojaza zile kumbi walikuwa hawajui Kihindi, na hakikuwazuia kulia. Aliyewahi kuiona alimnong'oneza aliye pembeni, tena wengi walikuwa wameshaiona. Mpe bibi kazi hiyo. Yeye ndo alitueleza kwamba huyu hakimu amemfukuza mkewe mjamzito kwa sababu alitekwa na jambazi, na anaamini mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, na sasa mwanae mwenyewe aliyekulia mtaani anasimama mahakamani mbele yake bila yeye kujua. Mwanangu akasema, kumbe kama ile methali, mtoto wa nyoka ni nyoka. Bibi akageuka akamwambia ndiyo, na hii picha inaikataa hiyo methali. Walibishana mpaka chakula cha usiku, mwenye miaka zaidi ya themanini na mwenye kumi na mbili, na mimi nilikaa pembeni nasikiliza kwa furaha.

Hapo watoto walielewa kwanini kizazi cha bibi kilizipenda hizi picha. Zilikuwa zinasema mambo ambayo na wao yalikuwa yanawasumbua: nani achague mchumba, baba akikosea unamwambiaje, maskini ana heshima gani. Nyimbo nazo zikatoka ukumbini zikaingia kwenye taarabu, Juma Bhalo wa Mombasa anajulikana mpaka leo kwa tuni zenye ladha ya Kihindi. Ukipata nyimbo zake zipige wakati watu wanaingia.

Kama Awaara huipati weka Mother India ya 1957, karibu saa tatu na yenyewe, ila jiandae, mama anampiga risasi mwanae mwenyewe na wanawake wa nyumba yako hawatakubaliana. Na kama wazee wako ni wa Unguja au Pemba waulize pia habari za picha za Kimisri, za kina Farid al-Atrash na Umm Kulthum. Bibi alianza kuimba kabla sijamaliza swali.

Jumapili ya pili: ngumi

Hapa ladha iligeuka kabisa, na iligeuzwa na vijana. Miaka ya sitini walikuwa na makauboi wao, Django na wenzake, watu wanavaa kofia na kutembea kwa maringo, halafu sabini zilipoingia akaja Bruce Lee akafagia kila kitu. The Big Boss ilitoka 1971, inamhusu kijana anayekwenda ugenini Thailand kutafuta kazi kwenye kiwanda cha barafu, amemuahidi mama yake hatapigana, halafu anagundua bosi anaficha madawa ya kulevya ndani ya barafu na wafanyakazi wanaouliza maswali wanapotea. Fikiria picha hiyo inaonyeshwa Dar es Salaam miaka michache tu baada ya Azimio la Arusha, kijana wa kawaida hana bunduki, hana gari, anamuadabisha tajiri mnyonyaji kwa mikono yake miwili. Mjomba wangu anasema walitoka ukumbini wanarusha mateke barabarani hadi nyumbani. Bruce Lee alikufa Julai 1973 akiwa na miaka 32, na kwa miaka mingi kuna watu mtaani walikataa kabisa kuamini.

Kwa matayarisho, hii ni fupi, kama saa moja na dakika arobaini, haihitaji intavali. Sogeza meza ya kioo, sogeza na televisheni kama iko chini, maana watoto watarusha mateke tu hamna namna. Iangalie mwenyewe kwanza, ina damu na kuna kipande cha danguro ambacho sio cha watoto. Kama wako ni wadogo chukua Fist of Fury ya 1972 na hiyo nayo uikague. Usiwaambie watu wavae vizuri siku hii, waache wakae chini kwenye mkeka, wapige kelele, wamshangilie steringi na wamzomee adui. Ladha yenyewe ndo ilikuwa hiyo, ukumbi wa vijana wenye makelele, mbali kabisa na ile Jumapili ya kanga na manukato.

Wazee watakuambia pia kwamba kipindi hicho mambo ya kumbi yalibadilika. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo na uagizaji wa picha ukawa mikononi mwa Kampuni ya Filamu Tanzania, halafu baadae fedha za kigeni zikawa shida, picha mpya zikawa zinakuja kwa nadra na za zamani zinarudiwa mpaka zinakwaruza. Mama anasema kuna picha ameiona na mistari ya mvua mwanzo mpaka mwisho, alikuja kushangaa ukubwani kwamba ndani ya picha hamna mvua.

Jumapili ya tatu: nje, kama Drive-In

Hii ndo ina kazi nyingi na hii ndo tuliyoipenda kuliko zote. Drive-In ilikuwa ya familia, watu wanajazana kwenye pikapu na vyakula vyao, watoto wameshavalishwa nguo za kulalia kabisa, na ukifika mapema watoto wanacheza mbele ya kioo mpaka giza liingie. Mama alikwenda na gari la jirani, watoto wanane nyuma. Leo hapo ilipokuwa pamejengwa ubalozi wa Marekani, ukipita na mtu aliyeujua uwanja ule atakuonyesha kwa kidole.

Azima projekta. Ukiazima dukani iwashe palepale kabla hujalipa, mimi yangu ya kwanza ilizima katikati ya wimbo na tukamaliza picha kwenye simu, watu kumi na nne. Shuka jeupe lisiloangaza, ulivute kwa kamba juu na chini maana upepo ukilitikisa sura za watu zinacheza. Usianze kabla ya saa moja na nusu, rangi hazionekani. Spika iweke karibu na watazamaji, sio karibu na shuka, hapo hutahitaji sauti kubwa ya kuwakera majirani. Sisi majirani tuliwakaribisha tu, tatizo likaisha. Dawa ya mbu usisahau. Chakula kiwe cha kushika mkononi, sambusa, kachori, mihogo ya kukaanga na pilipili ya embe.

Tuliweka Sholay, ya 1975, na hapa nisikilize vizuri. Inapita saa tatu, kwahiyo wadogo watalala kwenye mikeka na usiwaamshe, hata Drive-In walilala. Na usimwambie mtu mwisho wake. Watoto wetu wamekua na ule usemi wa mtaani kwamba steringi hafi, wameuamini kabisa, na hii picha ina masteringi wawili, Amitabh na Dharmendra, na mmoja hafiki mwisho. Binti yangu wa miaka tisa alisimama katikati ya uwanja akamuuliza bibi yake, "Bibi, kwanini hujaniambia?" na mama akasema na mimi hakuniambia mtu. Kama wenye kupenda mapenzi ni wengi kuliko wenye kupenda majambazi, chukua Bobby ya 1973, na kama watoto wanapenda kucheza, Disco Dancer ya 1982 itawatosha.

Jumapili ya nne: kibanda

Hii ni enzi yangu kwahiyo mnivumilie nikikaa hapa kidogo.

Miaka ya themanini deki za video zikaingia, kwanza kwa wenye uwezo, halafu mtu mmoja mtaani anaweka benchi na turubai na watu wanalipa kuingia. Kumbi kubwa zikaanza kufa taratibu, moja ghala, moja kanisa, moja duka. Sisi watoto wa Temeke hatukuziona, sisi tulikuwa tunaenda kideo. Kibanda umiza. Chumba cha mabati, joto, benchi bila mgongo, televisheni ya inchi kumi na nne juu kabisa, watu hamsini. Na ladha ikafuata chumba, maana kwenye chumba kile picha ya kuongea ongea haiendi, watu walitaka vitu vya kuonekana hata ukiwa benchi la mwisho: Rambo, Komandoo, Van Damme, Jackie Chan. Wanawake walikuwa wachache sana mule ndani, hilo naliona kama hasara kubwa, sinema iliyokuwa ya mama na shangazi ikawa ya wavulana.

Lakini kibanda kilitupa kitu ambacho Majestic haikuwa nacho, mtafsiri. Marehemu Lufufu kwangu ni msanii kamili kama mwigizaji yeyote, alichukua picha ya Kichina akaijaza Kiswahili cha Dar, akawapa watu majina, akakuonya adui yuko nyuma ya mlango, akaongeza na mambo ambayo hayakuwepo. Wakenya wana DJ Afro wao kwa kazi hiyohiyo.

Kwahiyo Jumapili hii zima sauti na mtafute mtafsiri ndani ya ukoo wenu. Kila familia anaye, ni yule anayesimulia msibani mpaka watu wanasahau kulia. Mpe picha siku mbili kabla aiangalie mara mbili, mara ya kwanza kujua kisa, mara ya pili kusikiliza wapi pana kimya maana hapo ndo pake pa kuongea. Mwambie asisome maandishi, asimulie. Awape watu majina ya Kiswahili mwanzoni kabisa na asiyabadilishe, la sivyo watu wanapotea. Kwenye mapigano aseme machache, watu wana macho. Muziki mwachie simu na spika ndogo pembeni. Shangazi yangu alitafsiri Jackie Chan na sijawahi kucheka hivyo nyumbani kwetu, tena ilikuwa mara yake ya kwanza kuangalia picha ya ngumi kwa hiari, kibanda hakikumpa nafasi hiyo akiwa msichana. Banana viti, bana mpaka magoti yagusane. Funga dirisha moja.

Jumapili ya tano: Naijeria na Bongo

Hapa nitapita haraka kwa sababu wengi mnakumbuka wenyewe. Kuanzia 1994 televisheni binafsi zikaanza bara, tamthilia za kundi la maigizo la Kaole zikafanya watu wakae nyumbani, CD za Kinaijeria zikajaa, kila mtoto anawajua Aki na Ukwa, halafu mwaka 2003 ikaja Girlfriend na watu wakaanza kuona Dar yao wenyewe kwenye picha. Ladha ikarudi kwa wanawake, ikarudi sebuleni, mambo ya mama mkwe, uchawi, ndoa, mjini na kijijini. Mwigizaji Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012 umati uliojaa Leaders Club kumuaga ulionyesha hawa watu walikuwa wa kwetu kwa kiasi gani.

Chagua ile yenye sehemu ya kwanza na ya pili. Onyesha ya kwanza tu. Ya pili iweke Jumatano, wakae na kiu kama tulivyokaa sisi.

Jumapili ya sita: wachague watoto

Usichague wewe, na usikunje uso. Watoto wako wamezaliwa kwenye enzi ya sizoni, za Kikorea zilizoanza kutukamata na Jumong, za Kituruki zenye sauti za Kiswahili kwenye king'amuzi, muvi za kujaziwa kwenye flashi, na simu ambayo kila mmoja anaangalia chake na spika za masikioni. Kanuni iwe moja, kioo kimoja kwa wote, na mtoto ndo awe mnong'onezaji wa bibi safari hii. Mwanangu alimweleza bibi sizoni nzima kwa dakika kumi, nani ndugu wa nani, kwa uvumilivu ambao sikujua anao.

Kama mko karibu na mji wenye ukumbi na pesa ipo, wapelekeni wote hata mara moja, maana kuna watoto wa mjini hawajawahi kukaa gizani na watu wasiowajua wakacheka pamoja. Na ukiipata Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, kutoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, iangalieni na bibi. Ni Unguja ya miaka ya hamsini, Yasmin anakimbia ndoa aliyopangiwa, yaani ni dunia ileile ya wasichana waliokuwa wanatoka Majestic wakifuta machozi, ila sasa wanaongea Kiswahili chao. Bibi hakusema neno mpaka ikaisha, halafu akaomba irudishwe nyuma aione tena barabara moja.

Mambo mawili ya mwisho

Ukianza kutoza kiingilio au kualika mtaa mzima hadharani hayo sio mambo ya sebuleni tena, kaulize Bodi ya Filamu na watu wa hakimiliki kwanza. Picha nyingi za Kihindi za zamani kampuni zenye haki zimeziweka YouTube zenyewe, anzia huko.

Na rekodi. Sio picha, rekodi watu wakati wa intavali. Weka simu kwenye kiti kilicho karibu na mzee, mbali na feni, maana feni inameza sauti zote, iweke isilie, na mwanzoni kabisa taja jina lake, tarehe na picha mliyokuwa mnaangalia. Usiku huohuo itume kwa ndugu wawili ili simu ikipotea sauti ya bibi isipotee nayo.